Kipande Kilivyozaa Riwaya

Hadithi fupi yangu ya kwanza kuchapishwa ilikuwa ya usiku mmoja tu. Manamba, kibarua wa mkataba kutoka Buha huko Kigoma, kwenye shamba la mkonge upande wa Muheza, Tanga, amekaa kitandani akihesabu alama za kipande chake, ile kadi ya siku 30 za kazi iliyotakiwa kujazwa ndani ya siku 42. Alama zimo 29, na siku ya 42 imekuchwa. Nyapara kakataa kumwandikia siku aliyoshikwa na homa. Koroboi inapulizwa, hadithi imekwisha.

Mhariri mmoja aliisoma akaniambia, "Bwana, huyu mtu wako ana mengi. Mbona umemlaza mapema?" Ndipo nikaanza kuiandika upya.

Kilichobadilika kwanza ni safari. Kwenye hadithi fupi niliandika "alipofika Tanga" na hakuna aliyeniuliza kitu. Kwenye riwaya nilijiuliza mwenyewe: kafikaje? Mtu wangu aliajiriwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini kupitia SILABU, ile ofisi ya wenye mashamba ya mkonge iliyokusanya watu kutoka bara. Reli ya Ruvu hadi Mnyusi, ile inayounganisha reli ya kati na ya Tanga, ilikamilika mwaka 1963. Kwa hiyo treni ya Kigoma isingemfikisha. Ilibidi ashushwe njiani, apande lori. Na lori lina watu. Wanagombea nafasi, wanatapikiana, wanaulizana kwao wapi. Humo ndimo nilimokutana na kijana wa Kinyamwezi mwenye filimbi, ambaye sikumpangia chochote, naye akabaki hadi mwisho wa kitabu.

Halafu nyapara. Katika hadithi fupi alikuwa na sentensi moja, ya kukataa. Nikaenda kuwasikiliza wazee waliobaki karibu na mashamba, na mmoja wao akasema bila hata kuinua macho, "Nyapara naye alikuwa na wa kumwogopa, mwanangu." Basi nikampa nyapara nyumba, mke, deni kwa mwenye duka, na Mzungu wa kumkaripia asubuhi mbele ya watu anaowasimamia. Kukataa kwake kukawa na sababu. Hakukuwa na haki, lakini kulikuwa na sababu.

Wakati huo nilikuwa nasoma habari za Daniel Keyes, Mmarekani aliyechapisha hadithi fupi ya Flowers for Algernon mwaka 1959, akaitoa kama riwaya mwaka 1966. Umbo la ripoti anazoandika mhusika wake mkuu, Charlie, hakuligusa, wala mwisho wa huzuni hakuubadili. Alichoongeza zaidi ni yaliyompata Charlie zamani: mama, baba, dada. Hata kazi alimbadilishia, akamtoa kwenye kiwanda cha maboksi ya plastiki akampeleka kwenye duka la mikate. Keyes aliweza kubaki na mwisho wake kwa sababu akili ya Charlie inapanda na kushuka, na ikishafika chini hakuna pa kwenda tena. Wangu haukuwa hivyo. Mtu aliyenyimwa alama moja huamka kesho yake, na kazi inamsubiri.

Kwa hiyo usiku ule wa koroboi, uliokuwa hadithi nzima, sasa ni sura ya nne. Baada yake yanakuja mambo ambayo hadithi fupi isingeyabeba: korona, ile mashine ya kutoa nyuzi za mkonge, inayounguruma mchana kutwa, bei ya mkonge inayoporomoka kamba za plastiki zilipoingia sokoni, Azimio la Arusha la mwaka 1967 na mashamba kutaifishwa, na mtu wa Buha ambaye hakurudi tena Buha.

Kuna kilichopotea. Ule mshtuko wa alama 29 umepungua makali, maana msomaji wa riwaya anaona kurasa zilizobaki mkononi na anajua mtu huyu hafi leo. Dada yangu bado anaipenda ile ya mwanzo, na simbishii. Riwaya ndiyo kazi kubwa zaidi niliyowahi kuifanya, lakini nikialikwa kusoma mbele ya watu, nasoma ile fupi.