Jemu Zilipokuwa na Nyumba Tatu

Mpwa wangu wa Kasongo, aliyefaulu mtihani wa Dola mwaka jana na sasa anajifundisha kuandika programu kwenye kompyuta ya kuazima, aliukuta mstari mmoja katika mradi wangu wa zamani akanipigia simu. "Mjomba, hii gems.rubyforge.org ni kitu gani? Naifungua, haifunguki. Si virusi?" Nilicheka. Simu ilipokatika nikaudhika. Kwake yeye, maktaba zote za lugha ya Ruby zimekaa rubygems.org tangu Mungu aumbe Lualaba. Anaandika amri moja, mega zinakwenda, jemu (kifurushi cha maktaba) inakuja, wala hajiulizi imetoka kwa nani.

Nimekagua tarehe nisije nikamdanganya. RubyForge, nyumba ya zamani ya jemu, ilianzishwa 2003 na Tom Copeland na wenzake, ikafungwa Mei 2014. Katikati hapo GitHub nayo ilianza kutengeneza jemu mwaka 2008, ikaacha Oktoba 2009. Gemcutter ya Nick Quaranto ilizaliwa 2009, ikatangazwa nyumba rasmi Oktoba hiyohiyo, kisha ikachukua jina la RubyGems.org. Basi, tarehe ndizo hizo. Lakini sisi tuliokuwa Bukavu wakati ule hatukuhesabu kwa kalenda. Tulihesabu kwa diski ya Papa wa siber.

Mimi ni mtu wa Lusangi. Kwetu kitu kikikosekana dukani hufuatwa Kasongo, na cha Kasongo kikikosekana hufuatwa Kindu au Bukavu, kwa baiskeli, kwa lori, kwa chochote kinachotembea. Nilipofika Bukavu kusoma, nikakuta hata programu zinafuatwa vilevile: kuna mahali zinapokaa, na kuna mtu anayejua njia.

Mtu huyo alikuwa mzee mnene, mpole, aliyeanza maisha kwa kukodisha kanda za video. Siber yake, yaani duka la intaneti ya kulipia, ilikuwa chumba kimoja chini ya bati, antena ya sahani juu, jenereta nyuma. Mke wake alikaanga mandazi mlangoni. Mpaka leo nikisikia harufu ya mafuta ya moto ikichanganyika na moshi wa jenereta na vumbi linaloungua ndani ya kompyuta, mkono wangu unatafuta kibodi. Na kibodi zenyewe ziliteleza, maana kila mteja aliingia na andazi. Papa alikuwa na kitambaa na chupa ya spiriti, akapita nyuma yetu akifuta herufi bila kusema neno. Muda wa kila mtu aliuandika kwa kalamu katika daftari la shule, na kama laini ilikuwa imelala, aliukata ule muda mwenyewe kabla hujalalamika. Siwajui wengi wa namna hiyo katika biashara ya intaneti.

Kijana wa leo hawezi kuelewa tulichokuwa tunasubiri. Setilaiti iko kilomita karibu 36,000 juu ya ikweta, kwa hiyo kila ombi lilipanda na kushuka kwa zaidi ya nusu sekunde hata kama ulichoomba ni herufi moja. Na zana ya RubyGems ya zamani ilikuwa na tabia ya kikatili: kabla ya kukupa kifurushi kidogo, ilivuta kwanza orodha nzima ya vifurushi vyote vilivyoko RubyForge. Ulikaa ukitazama mstari mmoja wa kioo, jenereta ikinguruma, pesa ikienda. Toleo la 1.2 la mwaka 2008 ndilo lililotuondolea adhabu hiyo. Hata hivyo, ukitaka Rails, zana ya kujengea tovuti, ulikuwa hutaki kitu kimoja. Ulitaka activesupport, activerecord, actionpack, actionmailer, activeresource, na rake ya kuvitumikisha. Ikikatika kwenye kile cha tano, unaanza kutukana kimoyomoyo.

Papa hakujua kuandika hata mstari mmoja wa Ruby, lakini alikuwa mtu wa ghala. Usiku, watu wakilala na laini ikipata nafasi, aliiacha mashine moja ivute mafaili mpaka mafuta yaishe. Asubuhi aliyapanga katika diski kubwa, mafolda matatu: Forge, Hub, na Zisizo na Kwao. Hili la tatu lilikuwa la jemu zilizotoka kwenye tovuti za watu binafsi, na lilikuwa nene kuliko unavyodhani. Baadaye mwanafunzi mmoja alimwonyesha kwamba amri ya gem server inaweza kuigeuza mashine yenye diski kuwa duka kwa kompyuta nyingine zote za chumbani, kwenye mlango namba 8808. Papa akatandaza nyaya sakafuni, akatandika mkeka juu yake. Kuanzia siku ile Rails nzima iliingia kabla hujamaliza andazi.

Toleo la zamani hakulifuta. "Mwanangu, la zamani maradhi yake tunayajua," alikuwa akisema, "hili jipya bado mgeni."

Sisemi kulikuwa peponi. Folda la Hub lilikuwa vurugu tupu. GitHub ilimruhusu kila mtu kunakili maktaba ya mwenzake na kuitengenezea jemu yenye jina la mnakili mbele, basi maktaba moja ilikuja na mababa wengi. Ile ya kugawa kurasa, will_paginate, RubyForge iliitwa hivyo, GitHub ikaitwa mislav-will_paginate, na miradi ya watu ikavunjika kwa sababu ya kistari kimoja katika jina. RubyForge nayo ilikuwa na ukiritimba wake: unaomba nafasi ya mradi, unasubiri binadamu aikubali. Kwa hiyo Gemcutter ilipokuja na amri moja ya kupeleka jemu, tulishangilia kwa haki. Anwani moja, jina moja, hakuna kuomba ruhusa. Nikiulizwa leo kama kukusanya kulikuwa kosa, nasema hapana.

Kinachoniudhi ni tulichokitupa siku ileile: desturi ya kuweka nakala zetu wenyewe. Agosti 2009, wakati maongezi ya kuhama yalikuwa motomoto, mwandishi wa programu za Ruby aliyejiita why the lucky stiff alizima tovuti zake na kuondoa msimbo wake wote mtandaoni, bila kwaheri. Hpricot, iliyotumiwa na nusu yetu kusoma kurasa za wavuti, ilikuwa yake. Dunia ilianza kuokoteza nakala kwa waliokuwa nazo. Papa alikuwa nayo, folda la Forge, matoleo kadhaa. Hakuelewa kwa nini tunamshika mkono.

Tena Januari 2013 mtu alipoingia RubyGems.org kwa tundu la usalama la YAML, waliojitolea kuisafisha walilinganisha jemu na nakala zilizokuwa zimehifadhiwa kwingine ili kujua kama zimechezewa. Kwingine! Lakini sisi tulishaacha kuweka za kwetu. Simu za mega zilifika, siber zikafa moja baada ya nyingine, mandazi yakahamia stendi.

Miaka iliyofuata ilipita mbio. 2016 vijana wa JavaScript walisimama dunia nzima baada ya kifurushi cha left-pad, mistari kumi na mmoja tu, kuondolewa na mwenyewe. Ghala la msimbo la Google Code lilifungwa mwaka huohuo. Baada ya uchaguzi wa 2018 tulizimiwa intaneti majuma karibu matatu, na waandishi wa programu niliowajua walikaa wakitazama skrini, hawana hata kifurushi kimoja cha akiba. Amri ya gem server yenyewe imeondolewa ndani ya zana. Anayeitaka aivute, tena kutoka mtandaoni. Vita vilivyoingia Bukavu Februari 2025 mnavijua. Siber ile ilikuwa imeshafungwa zamani, na diski sijui iliishia kwa mjukuu gani.

Septemba 2025 Ruby Central, asasi inayoendesha RubyGems.org, ilishika ufunguo wa hazina za msimbo na kuwaondoa watunzaji wa miaka mingi. Oktoba baadhi yao wakafungua gem.coop, nyumba ya pili yenye jemu zilezile. Tarehe 17 mwezi huo Matz, baba wa lugha, akatangaza kwamba hazina za RubyGems na za zana dada yake, Bundler, zitatunzwa na timu yake, huku huduma yenyewe ikibaki kwa Ruby Central. Mpwa wangu hakusikia hata moja katika hayo, ingawa kila jioni anakula kutoka sufuria hiyo.

Nimemtumia diski kwa mtu anayekwenda Kasongo, ina Rails na vyote inavyovitegemea, pamoja na maelekezo ya mlango 8808. Matoleo ya zamani nimeyaacha yote ndani.