Grogan, Kariobangi, Buruburu

Usukani wa Corolla yangu ulianza kulala kulia kabla sijafika Voi. Nikiuacha ulale hivyo, gari lilikwenda mbele. Nikiunyoosha, lilikwenda kushoto. Baada ya Mtito Andei, pale malori yanapopanda kwa gia ndogo na lami imebonyea njia mbili, likiingia kwenye bonde la lami halikutaka kutoka, na kila tuta lilijibu kwa mgongano wa chuma chini ya miguu ya abiria. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuendesha mwenyewe kilomita zile karibu 480 kutoka Mombasa hadi Nairobi, na mara ya kwanza kuingia Eastlands, anakokaa dada yangu na mumewe.

Lililonisumbua zaidi ni karatasi iliyokuwa kwenye kisanduku cha dashibodi. Muda si mrefu kabla ya safari, matairi yalikuwa yamepimwa alaimenti kwa mashine, na karatasi ile ilijaa namba za kijani, yaani kila kitu sawa.

Niliiacha Barabara ya Mombasa, nikashika Outer Ring, nikapita Donholm na kukata kushoto kuingia Buruburu. Kibao cha kwanza kilichonivuta macho kiliandikwa Rabai Road. Mtu wa Pwani akiliona jina la Rabai, kijiji cha nyuma ya Mombasa ambako mmisionari Krapf alianzisha misheni mwaka 1846, limebandikwa kati ya maduka ya simu na vibanda vya chipsi, hujihisi amepokewa.

Buruburu ilijengwa kwa awamu kuanzia miaka ya 1970, na nyumba zake zimepangwa kuzunguka viwanja vidogo vyenye lango moja. Waliochora ramani labda waliwaza watoto na magari yaliyoegeshwa. Shemeji yangu anakiona kiwanja chao kwa jicho lingine: zege lililotulia, ukuta wa kukinga upepo, taa ya usiku, na majirani wasiochoka kutazama kazi. Asubuhi aliniambia nilete jeki na stendi mbili. Matofali hakuyataka kabisa chini ya gari. Tofali likibeba uzito hupasuka bila onyo, na aliye chini hapati nafasi ya kutoka.

Gari lilipoinuka, alishika tairi la mbele kushoto na kulia, akalitikisa. Likacheza. Akalishika juu na chini. Likacheza tena, kwa mlio mwingine. Akaniita niweke kidole kwenye jointi huku yeye akitikisa, na nikausikia mchezo wenyewe ndani ya chuma. Tairodi endi ya kushoto imeisha, bolijointi za chini zote mbili zimeisha, na bushi za mkono wa chini, ule ambao mafundi huuita kontroli aamu, zimepasuka mpira. Upande wa ndani wa tairi la kushoto ulikuwa umelika hadi karibu na waya.

Nilimwonyesha ile karatasi. Aliisoma yote, kisha akasema, "Haijadanganya, shem. Ilipima gari limesimama. Likitembea, jointi inahama, na zile namba zinahama nayo."

Hilo ndilo ninalotaka kila mwenye gari la zamani alishike. Mashine ya kupima inaona pembe ya tairi kwa dakika ile tu ambayo gari limetulia. Chuma kilicholegea hakina pembe moja. Ukifunga breki kina moja, ukikanyaga mafuta kina nyingine, ukipita shimo kina ya tatu. Kulipia alaimenti juu ya jointi iliyokufa ni kutupa pesa, na fundi anayekubali kuifanya bila kutikisa tairi kwanza anastahili kuulizwa kwa nini.

Tulipanda matatu ya 58 kwenda mjini. Jogoo Road ni somo la historia ya makazi ya mfanyakazi wa Nairobi: Maringo, Jericho, Makongeni, kisha Kaloleni yenye nyumba zilizopangwa kati ya miti tangu miaka ya 1940, halafu uwanja wa City Stadium, halafu zogo la Gikomba. Tuliposhuka tulitembea hadi Kirinyaga Road, ambayo hadi leo wengi huiita Grogan. Ewart Grogan ni yule Mwingereza aliyejulikana kwa safari ya kutoka Cape hadi Cairo, aliyoimaliza mwaka 1900, sehemu kubwa kwa miguu. Barabara iliyobeba jina lake sasa inauza miguu ya magari.

Huko niliuona ufundi wa kununua. Shemeji hakuanza na bei. Alichukua bolijointi mpya, akajaribu kuzungusha kichwa chake kwa vidole. Jointi nzuri hugoma, husogea polepole na kwa uzito uleule kila upande. Iliyosogea kwa urahisi aliirudisha mezani. Aliangalia mpira wa kuzuia vumbi, alama zilizochongwa kwenye chuma na nyuzi za skrubu. Muuzaji mmoja, kijana mpole, alimwambia wazi: hii ni ya Japani, hii ni nakala, chagua mwenyewe. Tulichukua za Japani kwa jointi, na tukanunua bushi za mpira mgumu. Za plastiki ngumu tuliziacha. Hazifai barabara zetu, hupeleka kila kokoto mpaka kwenye bodi.

Tuliporudi na kufungua mikono ya chini, bushi za zamani hazikutoka kirahisi, na sikupenda wazo la kuzipiga kwa nyundo. Kwa hiyo tulikwenda Kariobangi Light Industries, kando ya Outer Ring, mkono mmoja wa gari nimeuweka begani. Pale wengine humimina alumini ya sufuria, wengine huchonga, wengine hukata bati, na mwenye presi ya jeki alikuwa chini ya kibanda cha mabati. Kabla ya kukandamiza chochote alichora mstari wa chaki kwenye mkono na kwenye bushi, maana bushi ina upande wake, na ikiingia imepinda mpira hufa mapema. Presi ililia mara moja, chuma kikatoka, kipya kikaingia taratibu. Nilisimama pale muda mrefu kuliko kazi yenyewe ilivyohitaji. Nimeona karakana zenye sakafu ya vigae ambazo hazina uangalifu wa chaki ile.

Kufungua jointi zilizobaki na kurudisha vyuma vyote mahali pake kulichukua mchana wote, kwa sababu chumvi ya Kisauni, kwetu Mombasa, ilikuwa imezikamata nati. Zilipigwa mafuta, zikasubiriwa, zikafunguliwa. Mambo mawili yalinifaa sana. Kwanza, bolti za bushi hazikazwi tairi likiwa linaning'inia. Zikikazwa hivyo, mpira hujipinda siku zote gari likishuka, na hupasuka. Hukazwa uzito wa gari ukiwa chini. Pili, nati yenye meno ya kupitisha spliti pini, ikikosa kulingana na tundu, huongezwa kukazwa hadi tundu lifuatalo. Hairudishwi nyuma.

Kisha ikaja kazi ya uzi. Jirani mmoja, mwashi mstaafu, alitoka na vifaa vyake mwenyewe: uzi wa kujengea, timazi, na mpira wa plastiki uliojaa maji. Maji yakituama ncha mbili za mpira hukuonyesha kama ardhi ni sawa. Tairi moja la nyuma lilikuwa chini kidogo, tukalitia vipande vya vigae. Usukani ukafungwa ukiwa umenyooka. Nyuzi mbili zikavutwa ubavuni mwa gari, kimo cha katikati ya magurudumu, na mzee hakuridhika mpaka nafasi kati ya uzi na uzi ilipolingana mbele na nyuma. "Ukuta mmoja ukipinda, chumba chote kimepinda," alisema.

Tulipima kutoka uzi hadi ukingo wa rimu, mbele na nyuma ya kila gurudumu. Tairi la kulia lilitazama ndani kwa milimita 1. La kushoto lilitazama nje kwa milimita 5. Kila kitu nilichokiona njiani kilikuwa hapo: usukani uliolala, mvuto wa kushoto, mpira uliolika upande wa ndani.

Hesabu yake ni nyepesi. Nyuzi za tairodi husogea kama milimita 1.5 kwa mzunguko mmoja, na mkono unaogeuza gurudumu ukiwa na urefu wa sentimita 15 hivi, robo mzunguko huhamisha ukingo wa rimu kwa karibu milimita 1. Tulirefusha tairodi ya kushoto robo kwa robo, tukisukuma gari mbele na nyuma kila mara ili matairi yakae, kisha tukapima upya. Pande zote mbili ziliishia karibu na sufuri, zikielekea ndani kwa unywele. Timazi ilionyesha kwamba mlalo wa matairi, kulia na kushoto, haukupishana hata milimita 1. Huo kwenye Corolla haurekebishiki nyumbani ila kwa ule uwazi mdogo wa bolti za shokamzoba, na nilifurahi hatukulazimika kuugusa.

Jioni tulipita Outer Ring, kilomita zote 13. Nililegeza mikono penye barabara tupu; usukani ulibaki katikati. Matuta ya Kariobangi yalipita kimya. Tulirudi, tukakagua nati za kufungia tairodi kwa mkono na kwa spana. Mwashi alikuwa bado kiwanjani, na nyuzi zake hazijakunjwa, kwa sababu mama wa nyumba ya nne alikuwa ameshasogeza Probox yake kati ya nyuzi hizo na kuuliza kama bushi zake pia zingepelekwa Kariobangi kesho.