Tarakilishi Iliyokaa Eda

Zama nilipoanza kazi ya kunakili picha za kale hapa Mombasa, mfumo wa Windows XP, ambao Microsoft iliutoa Oktoba 2001, ndio uliokuwa fahari ya mji, na ilikuwa taabu kupata saiba au duka la kupiga chapa lisilokuwa na kile kilima cha majani mabichi chini ya mbingu ya buluu, kilichodhaniwa na wengi kuwa kimechorwa, kumbe ni picha halisi aliyoipiga Charles O'Rear huko California mwaka 1996. Intaneti ya siku hizo ilikuja kwa setelaiti, ghali na ya kusuasua, tukiilipia kwa dakika. Kwa hiyo tarakilishi yangu, ijapokuwa ilikuwa na njia ya kutokea, aghalabu ilishinda ndani ikingoja skana imalize kusoma picha za maharusi na za wazee waliovaa majoho na majambia.

Mwaka 2009 nyaya za baharini zilipofika pwani yetu, kila mtu akataka kuwa hewani. Balaa, hata hivyo, haikungoja waya. Ilitujia mkononi, ndani ya flashi. XP ilikuwa na ukarimu uliopindukia mipaka, maana kilichochomekwa iliweza kukiendesha pasi na kuuliza, na mteja aliyeleta picha za arusi alituachia na virusi, hata ukaona folda imezaa pacha wa jina lile lile, ambaye ukimbonyeza tu amekwisha kuimwaga sumu yake. Marekebisho ya kuizima tabia hiyo yalisambazwa mwaka 2011, nasi tulikuwa tumekwisha zoea kushikilia kitufe cha Shift kila tuchomekapo flashi.

Tarehe 8 Aprili 2014 Microsoft iliacha kuuhudumia mfumo huo, na kesho yake tarakilishi ikawaka kama kawaida. Kilichofuata kilikuwa ni kufungiwa milango mmoja baada ya mwingine: Chrome ikajitoa mwaka 2016, Firefox mwaka 2018, na tovuti za benki zikakataa katakata, kwa kuwa zilisemezana kwa usimbaji mpya ambao kivinjari cha XP hakikufunzwa. Mwaka 2017, kirusi cha WannaCry kilipozagaa duniani, Microsoft ilitoa kiraka hata kwa mkongwe huyu aliyekwisha achwa, ingawa walioumia zaidi, kwa hakika, walikuwa watu wa Windows 7.

Mimi nilikwisha uchomoa waya wa intaneti. Tangu hapo tarakilishi ile imekaa eda, haitoki wala haingiliwi ila na maharimu wake, nao ni flashi moja nisiyomwazima mtu. Sababu ya kuihifadhi ni skana, dude zito linalosoma negatifu za kioo, ambalo kampuni iliyoliunda haikuliandikia tena programu ya kuliendesha katika mifumo iliyokuja baadaye. Ukilichomeka kwenye tarakilishi mpya, huambiwa kuwa kifaa hakitambulikani.

Ukongwe una vituko vyake. Betri ya saa, iliyo kama sarafu, ilipokufa, tarakilishi ikawa kila ikiamka huamini kwamba tumo mwaka 2002, na picha nilizozinakili wiki ile zote zikapata tarehe za kabla ya kuzaliwa mpwa wangu aliyekuwa akinisaidia.

Mpwa huyo ndiye asiyechoka kunisihi: "Mjomba, hii si ya kutupwa?" Nami humwambia, "Niletee kwanza skana itakayoisoma negatifu hii ya kioo, mwanangu, kisha tuitupe sote wawili." Alikwenda kutafuta, akaipata, na bei yake ilishinda ya tarakilishi mbili mpya. Basi akaingia kwa wauza mitumba ya vyombo, akarudi na diski ya IDE iliyo nzima, akahamishia humo yote yaliyokuwamo katika diski ya tarakilishi yangu, iliyokuwa imeanza kukwaruza, kisha akaifunga mwenyewe.