Mume Wangu "Hana Kazi"

Kuna swali ambalo mwanamke yeyote aliyeolewa ameshaulizwa, iwe kwenye kichen pati, kwenye kikoba au kwenye foleni ya kliniki: "Hivi shemeji anafanya kazi gani?" Ukijibu mwalimu, dereva au askari, maongezi yanasonga. Ukikohoa kidogo kabla ya kujibu, shosti anakutazama kwa huruma, na kabla jua halijazama mtaa mzima una habari.

Mwenzenu nimekohoa sana tangu mwaka 2020. Mwaka huo kampuni moja aliyokuwa mume wangu akifanya kazi kama mtunza stoo ilipunguza watu, na yeye akawemo. Mafao yakaja kwa kusuasua. Kodi ya nyumba Ifakara haisubiri mafao, kwa hiyo tukafunga mizigo, watoto wawili na cherehani yangu, tukarudi kwa baba yangu Mofu.

Kwa usiyepajua, Mofu ni kata ya bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, ukitoka Ifakara kuelekea upande wa Mlimba. Ni bonde la maji na mpunga. Masika yakikolea, mto unatoka kitandani mwake na kutawanyika mbugani. Yakipungua, unaacha udongo ambao mpunga unaupenda. Mwaka 2002 bonde hili liliingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu kwa dunia nzima. Baba yangu, Mndamba halisi, alikuwa na majaruba yake huko, mtumbwi na nyavu zake.

Hapo ndipo shangazi alipopata la kusema. Mwanamume kuhamia ukweni ni jambo moja. Kuhamia ukweni huna kazi ni jambo lingine kabisa. "Mwanangu," aliniuliza siku moja tukipepeta mchele, "huyo amekuoa au umemuoa?"

Basi leo nataka tuliongelee hilo neno "kazi", na nitapitia njia ambayo pengine hukuitegemea kwenye kurasa hizi: gemu la Kijapani la mwaka 1992. Usifunue ukurasa mwingine kwanza, nisikilize.

Gemu la dunguni

Mpunga ukianza kushika punje, mtu anahamia shambani. Unapanda juu ya dungu na kuamia ndege tangu alfajiri mpaka giza. Kwelea kwelea wakishuka kundi zima ukiwa umelala, unaamkia mabua. Kwa hiyo unavuta kamba za makopo, unapiga kelele, unatupa udongo kwa teo. Lakini kati ya kundi moja na jingine kuna saa ndefu za kimya, na saa hizo mume wangu alikuwa anafungua simu yake na kucheza Final Fantasy V.

Shangazi alipomwona ndiyo ikawa balaa. Mwanamume mzima, hana kazi, tena anachezea simu kama mtoto wa darasa la tatu! Mimi nikapanda dungu nikamuuliza kinachomvutia humo ni nini. Akanijibu, "Kazi, mama watoto. Humu ndani kazi zimejaa."

Gemu hizi ni za hadithi. Unaongoza watu wachache wanaosafiri, wanapigana na mazimwi kwa zamu, na kila pambano linawaongezea nguvu. Kila mtu ana kazi yake: huyu wa upanga, huyu wa ngumi, huyu mwizi, huyu wa kuponya, huyu wa kurusha moto. Watengenezaji wake waliumiza vichwa miaka na miaka juu ya swali moja: mtu aruhusiwe kubadili kazi? Na akibadili, abaki na nini?

Final Fantasy ya kwanza, ya mwaka 1987, ilijibu kwa ukali. Unachagua mwanzoni kabisa, kazi sita ziko mezani, na ulichochagua ndicho unachomaliza nacho. Mbele ya safari unaweza kupandishwa cheo, lakini ni ndani ya kazi ile ile. Hiyo inanikumbusha lile swali la darasani, "ukikua unataka kuwa nani?", halafu tunahukumiwa kwa jibu tulilotoa tukiwa na miaka saba.

Dragon Quest III ikaja mwaka 1988 na jibu lingine. Ukifika levo ya 20 unakwenda kwenye hekalu maalumu na kuomba kazi mpya. Unapewa, ila unarudishwa levo ya kwanza na nguvu zako zinakatwa nusu. Unachobaki nacho kizima ni uchawi uliokwisha jifunza. Halafu kuna kituko kimoja ambacho nimekipenda. Mle ndani kuna kazi ya mtu wa starehe, yaani mzembe haswa; ukimwamuru apigane, pengine anafanya vichekesho vyake tu. Lakini akivumiliwa mpaka levo ya 20, anaweza kuwa mwenye hekima anayejua uchawi wa pande zote mbili, bila kile kitabu maalumu ambacho wenzake wote wanatakiwa wakitafute kwanza. Wale mnaolea shemeji zenu wadogo, msikate tamaa!

Nafasi ni moja tu

Final Fantasy V ndiyo iliyolegeza kamba. Kazi zinapatikana kutoka kwenye vipande vya fuwele zilizopasuka, zaidi ya ishirini, na unaruhusiwa kubadili mara nyingi utakavyo bila kurudishwa chini. Asubuhi samurai, jioni mwimbaji. Kila pambano linatoa pointi za aina mbili, moja zinamkuza mtu mwenyewe, nyingine zinakuza ile kazi aliyoivaa siku hiyo. Ukijifunza jambo kwenye kazi moja, unaweza kulibeba ukaenda nalo kwenye kazi nyingine.

Ila kuna sharti, na hapa ndipo nilipoanza kusikiliza kwa makini. Unaweza kuwa umejifunza mambo hamsini, lakini kwenye kazi mpya unapewa nafasi moja tu ya kuweka amri uliyotoka nayo kwingine. Moja! Mume wangu alikuwa akikaa juu ya dungu anakuna kichwa dakika kumi nzima: mpiganaji huyu abebe uponyaji au abebe wizi? Nikamuuliza kwa nini wasimruhusu abebe vyote. Akasema, "Wakiruhusu vyote hakuna tena cha kufikiri. Kila mtu atafanana na mwenzake."

Nilishuka dungu nikilitafuna hilo neno. Ni mara ngapi nimeona bondeni kwetu watu wanalazimika kuvua kazi na kuvaa nyingine? Daraja la Mto Kilombero lilipofunguliwa mwaka 2018, magari yakaacha kusubiri kivuko, na aliyekuwa akiuza karanga na samaki wa kukaanga kwa abiria wa foleni akabaki na beseni lake. Aliyejua kubeba kitu sahihi, tuseme kujua kuongea na mteja, alilipeleka beseni stendi.

Na mume wangu je? Mwili wake ulifanyiwa kama Dragon Quest. Mtunza stoo mwenye viganja laini alirudishwa levo ya kwanza. Wiki ya kwanza ya jembe mikono ilitoka malengelenge, akashindwa hata kushika kijiko. Lakini kichwa chake kilikuja na amri moja kutoka stoo, nayo ni kuandika. Alikuwa na daftari. Jaruba gani limepandwa lini, SARO kiasi gani, Supa kiasi gani, magunia mangapi yametoka. Baba, aliyelima maisha yake yote bila kuandika hata mstari mmoja, akaanza kumwita jioni: "Mkwe, hebu nisomee ya mwaka huu." Shangazi hakuwahi kuliona daftari hilo. Aliona simu.

Kazi ambayo haijaisha

Sasa nije kwenye kilichotaka kuivunja nyumba. Julai 2021, baada ya mavuno, rafiki yake wa Dar alimpigia. Kuna godauni, wanahitaji mtu wa stoo, mshahara mwisho wa mwezi. Mume wangu alikuwa ameshaanza kupanga nguo.

Nilimwelewa. Mkubwa wetu alikuwa anakaribia sekondari, na huwezi kumwambia mwalimu kwamba mpunga haujapata bei. Lakini nilikuwa namwona baba. Pumzi ilikuwa inambana, alikuwa anapumzika mara mbili kutoka mlangoni hadi chini ya mwembe. Na kila alichokijua juu ya maji ya Mofu kilikuwa kichwani mwake tu.

Usiku ule nikamwambia, "Umejua kupanda, umejua kuamia. Maji hujayajua. Ukiondoka sasa, unaiacha kazi katikati."

"Ada hazilipwi na fuwele, mama watoto," akanijibu. Na kweli hazilipwi.

Tulizozana mpaka jogoo. Nikamkumbusha jambo alilonisimulia mwenyewe kutoka kwenye gemu lake. Kuna mzee mmoja mle anaitwa Galuf. Katikati ya hadithi anakufa, na mjukuu wake Krile anashika nafasi yake. Watengenezaji wakaamua mtoto huyo arithi kila kitu papo hapo: levo za babu na kazi zote alizojifunza. Nikamwambia, wale walikuwa na huruma, hawakutaka saa zako za kucheza zipotee. Huku kwetu Mungu hakupanga hivyo. Baba akiondoka, anaondoka nazo.

Alinyamaza muda mrefu. Asubuhi tukakubaliana msimu mmoja. Ada itatoka kwenye cherehani, nitashona sare za shule mpaka usiku. Msimu ukiisha, akitaka Dar, ataondoka kwa baraka zangu na sitasema neno.

Miezi ile alikuwa anatoka na baba kwenye mtumbwi kabla hakujapambazuka. Baba hakuwa mtu wa kufundisha kwa maneno. Alikuwa ananyoosha kidole: hapa tope linameza mguu, huku mfereji wa zamani unarudi kila mwaka, pale perege wanatagia. Gemu lina kazi ya mjua ardhi, ambaye huona mashimo kabla hajayakanyaga. Mume wangu alipokuwa akirudi jioni ananiambia kwa sauti ya chini, "Mzee ndiye huyo."

Baba alifariki masika ya 2022. Msimu uliofuata mume wangu alisia mbegu kwenye jaruba la juu kwanza, kama alivyoonyeshwa, na majirani wakamshangaa. Maji yalipopanda, ya chini yakafunikwa. Sitasema tulivuna kuliko wengine. Tulivuna, na ada tukalipa. Habari za godauni hazikurudi tena nyumbani kwetu.

Uso mtupu

Agosti 2022 karani wa sensa alipofika akauliza kazi. Mume wangu akajibu, "Mkulima." Mimi pembeni nikawa nahesabu: analima, anavua kidogo, anatengeneza simu za jirani na kuchaji kwa sola, anawaandikia watu mahesabu ya magunia. Lakini tukikutana na shangazi kwenye msiba, bado ni "yule mume wako asiye na kazi".

Siku hizi sikohoi tena, kwa sababu ya jambo moja la mwisho kwenye lile gemu. Kuna hali ya kutokuwa na kazi yoyote. Mwanzoni wahusika wote wako hivyo, na ni dhaifu. Kwa Kijapani hali hiyo inaitwa suppin, neno ambalo kwa kawaida hutumika kwa mwanamke asiyejipaka vipodozi, uso mtupu. Lakini kila kazi unayoimaliza inamwachia huyo asiye na kazi nguvu zake bora na vipaji vyake vya asili. Akiwa amemaliza kazi ya mjua ardhi, mashimo anayaona hata akiwa hana kazi. Tena yeye anapewa nafasi mbili za amri, wakati karibu wenzake wote wana moja. Kwa hiyo wachezaji wengi wakifika kwenye pambano la mwisho huvua kazi zote na kuingia uso mtupu.

Lakini tusidanganyane. Wa mwanzo wa gemu na wa mwisho wa gemu wote wanaitwa jina moja, hawana kazi, na kwa macho huwezi kuwatofautisha. Mmoja hajawahi kumaliza chochote. Mwingine amemaliza vingi. Kwa hiyo dada yangu, ukiwa na mwanamume ambaye watu wanasema hana kazi, kabla hujamtetea au hujamfukuza, angalia mambo matatu. Je, kuna kazi aliyoianza akaifikisha mwisho? Alipohama kutoka kazi moja kwenda nyingine, alibeba nini? Na yuko tayari kurudi levo ya kwanza, malengelenge na yote, mbele ya wakwe? Majibu yakiwa hapana, hapana, hapana, basi huyo ni simu tu anachezea, na shangazi yako ana haki.

Ukiulizwa shemeji anafanya kazi gani, jibu unalo. Mimi huwa naanza na mpunga, halafu naendelea kutaja, taratibu, moja baada ya nyingine, mpaka aliyeuliza aombe kuondoka.