Upande wa Pili wa Lambo

Mwaka jana, katika soko la mitumba la Mlango Mmoja pale Mwanza, niliona boti imelala kifudifudi kwenye rundo la viatu vya watoto. Urefu wake ulikuwa kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole, wekundu wake umepauka, na propela yake ndogo imekatika jino moja. Rimoti ilikuwa imefungwa kando kwa mpira wa baiskeli, aina ile ya zamani yenye antena ndefu ya kuvuta. Muuzaji hakujua kama inafanya kazi. Nilimpa alichotaja, nikaondoka haraka kama mtu aliyekuta mali yake iliyopotea, na njia nzima ya kurudi Shinyanga niliipakata.

Nilikuwa na miaka kumi niliposikia habari za boti ya redio. Mjomba wetu mmoja aliwahi kufanya kazi Mwadui, kwenye mgodi wa almasi alioufungua Williamson baada ya ugunduzi wa mwaka 1940, na jioni moja alitusimulia kwamba alishawahi kuona boti ya kuchezea inayokwenda majini bila kamba wala mtu, inaendeshwa kwa redio. Hakueleza zaidi, nami sikuuliza. Nilichoelewa mimi ni kwamba ndani ya boti ile kulikuwa na redio. Na redio tulikuwa nayo nyumbani.

Ukubwani ndipo nilipokuja kusoma kwamba Nikola Tesla alionyesha chombo cha namna hiyo mjini New York mwaka 1898, kijiboti cha chuma kilichogeuka kushoto na kulia kwa kufuata mawimbi yasiyoonekana. Nilisoma habari ile mara mbili. Maana miaka yote hiyo, mahali fulani moyoni, nilikuwa bado mtoto anayeamini kwamba boti inabeba redio yake tumboni.

Basi tuliifungua redio kaseti ya baba, mimi na mdogo wangu, ambaye hakuwa amefika hata miaka saba. Mota iliyokuwa ikizungusha kaseti tuliing'oa. Mwili wa boti ulikuwa soli tatu za ndala kuukuu, zimegandishwa kwa solusheni ya kuzibia pancha. Spoki ya baiskeli ndiyo iliyokuwa mhimili, ikapitishwa ndani ya bomba la kalamu ya Biki lililoshindiliwa grisi ili maji yasipande, na propela tuliikata kwenye bati la kopo la mafuta ya kupikia. Betri nne tulizianika juani siku nzima kwanza, kama alivyofanya baba zilipoanza kuchoka. Mpaka leo nikisikia harufu ya solusheni kwa fundi baiskeli, nasimama kidogo.

Ilikwenda. Mvua za kwanza zilikuwa zimelitia maji lambo la ng'ombe, maji mazito ya rangi ya chai ya maziwa, na watoto wenzetu walikuja na boti zao za mabua zilizosubiri upepo. Yetu haikusubiri. Iliinua pua, ikatoa mlio mwembamba kama wa nyuki aliyefungiwa kwenye kopo, ikakata maji hadi ng'ambo. Haikuwa na usukani, kwa hiyo ilihitaji mtu wa kuidaka kule, aigeuze na kunielekezea mimi. Mtu huyo alikuwa mdogo wangu. Alisimama kwenye tope hadi magotini tangu mchana mpaka ng'ombe walipokuja kunywa, na kila iliponifikia niliigeuza, nikairudisha kwake, huku nikishangiliwa.

Ilikuwa Novemba 1993. Nakumbuka kwa sababu Simba walikuwa wamefika fainali ya Kombe la CAF, na baba alikuwa akiihesabu siku hiyo kwa vidole. Alipoiwasha redio haikutoa hata mkwaruzo, kwani katika kung'oa mota nilikata na nyaya nyingine nisizozijua. Akauliza nani. Bisibisi ilikuwa mkononi mwa mdogo wangu, nadhani aliiokota tu ili airudishe mahali pake. Baba hakuuliza mara ya pili. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nikiwa na kauli mdomoni, na kauli hiyo sikuitoa. Baba alikwenda kusikiliza mpira kwa jirani, akarudi usiku bila kusema neno. Simba walikuwa wamefungwa mbili bila na Stella ya Abidjan, hapo hapo Dar es Salaam. Kwa muda mrefu kufungwa kule na fimbo za mdogo wangu vilikaa kifuani mwangu kama jambo moja, na lote ni langu.

Lakini kumbukumbu ina namna yake ya kujihurumia. Nilipopata watoto niliwasimulia habari za boti, na kila mara nilisema nilitengeneza, niliiwasha, nilishinda. Ni, ni, ni. Sijui ni lini hasa ile *tu* ilianguka njiani. Pengine ilianza siku ile ile, pale mlangoni. Nimejaribu kujiambia kwamba nilikuwa mtoto. Ni kweli, ila yeye alikuwa mdogo zaidi.

Siku hizi mdogo wangu yuko Geita. Alianza kwenye maduara, sasa ana mtambo wa kusagia mawe, karasha kama wenyewe wanavyouita, karibu na mwalo wa kuoshea dhahabu. Nimelifikiria sana neno hilo, mwalo. Kwa wachimbaji ni mahali mchanga unapooshwa, na kwa wavuvi, mwendo mfupi tu kutoka hapo, ni mahali mitumbwi inapofikia. Nilimpelekea ile boti nyekundu baada ya fundi redio kusugua kutu ya chemba ya betri kwa msasa na kuunga waya mmoja. Kwenye lambo letu isingewezekana. Tangu mradi uliozinduliwa mwaka 2009 uanze kuleta maji ya Ziwa Victoria kutoka Ihelele hadi Shinyanga na Kahama, lambo limeachwa kujaa udongo, na mahali aliposimama yeye pameota majani.

Tulikwenda Nkome, ufukweni. Njiani nilimwambia kuhusu bisibisi. Nilikuwa nimeyapanga maneno kwa wiki nzima, na yalitoka bila mpangilio wowote.

"Fimbo nimesahau, kaka," alisema. Alinyamaza kidogo. "Mimi ninachokumbuka, hukuwahi kuniachia ule upande wa kuwashia. Nilikuwa naisubiri tu."

Sikuwa na jibu. Sijui kama kweli alisahau au alinisitiri, na sina hakika kama ninayo haki ya kuuliza tena. Kosa nililolibeba miaka thelathini yeye hakulihesabu, au alisema hivyo. Alilolihesabu, mimi sikuwahi kuliona hata kidogo.

Nilimpa rimoti. Akaivuta antena hadi mwisho, taratibu, akaigeuzageuza ile rimoti kama anayesoma barua. Boti ilishtuka, ikaondoka. Ila ziwa halina ng'ambo ya kusimama mtu, na betri za zamani si za kuziamini, kwa hiyo nilikunja suruali nikaingia majini mpaka magotini, nikasogea mpaka pale nilipodhani ingefika.

"Kulia kidogo, kaka," aliniita kutoka nchi kavu.

Nikasogea kulia.