Tafakari ya Juma: Majina ya Maziwa ya Uskoti na Visima vya Baba Zetu



Katika Kitabu cha Mwanzo, sura ya 26, tunasimuliwa jinsi Isaka alivyovifukua visima vya Ibrahimu baba yake, ambavyo Wafilisti walikuwa wamevifukia. Alipokwisha kuvifukua alivirudishia majina ya zamani, yale aliyoyatoa baba yake. Tunaposoma habari hii mara nyingi tunayafikiri maji, wala hatuyafikiri majina. Lakini Isaka hakuridhika na maji peke yake; alitaka ijulikane ni nani aliyechimba. Juma hili tunapenda kuitafakari habari hiyo kwa kuyatazama majina ya nchi iliyo mbali nasi, nchi ya Uskoti, ambako maziwa, visiwa na vijiji vimeitunza imani ya wazee kwa zaidi ya miaka 1,300.

Wengi wetu tukisikia habari za maziwa ya Uskoti hukumbuka Loch Ness na hadithi ya mnyama wake, iliyovuma magazetini mwaka 1933. Neno loch ni la Kigaeli, nalo lina maana ya ziwa, ingawa wenyeji hulitumia pia kwa mkono wa bahari unaoingia ndani ya nchi kavu, kama ilivyo Loch Fyne. Mtu akilijua neno hilo pamoja na mengine machache, ramani ya Uskoti huanza kusema naye. Ben ni mlima, glen ni bonde, na inver ni mahali mto unapomwaga maji yake; ndiyo sababu mji wa Inverness umekaa pale mto Ness unapoingia baharini. Aber, kama katika Aberdeen, ina maana hiyo hiyo ya mdomo wa mto, lakini ni neno la watu waliokaa huko kabla ya Kigaeli kuenea. Ben More ni Mlima Mkubwa. Loch an Eilein ni Ziwa la Kisiwa, na kisiwa chenyewe kimo. Watu walioyatoa majina haya hawakutafuta fahari, walisema walichokiona.

Katikati ya majina hayo ya mawe na maji wamo pia watakatifu. Mwaka 563 mmonaki Kolumba, ambaye Wagaeli humwita Colum Cille, yaani Njiwa wa Kanisa, alivuka bahari kutoka Ireland akajenga monasteri katika kisiwa cha Iona. Kisiwa hicho hakikuitwa Iona tangu mwanzo. Abate Adomnán, aliyeandika maisha ya Mtakatifu Kolumba yapata mwaka 700, alikiita Ioua. Wanakili waliomfuata waliisoma herufi u kana kwamba ni n, na kosa lao likabaki. Tena kwa Kiebrania neno yona lina maana ya njiwa, sawa na Columba kwa Kilatini, na Adomnán mwenyewe alikuwa amekwisha kuutaja ulinganifu huo wa jina la mtakatifu.

Kutoka Iona na monasteri nyingine, wamonaki walitawanyika mabondeni na visiwani. Kila walipojenga kikanisa, wenyeji walipaita cill, neno lililotokana na Kilatini cella, chumba cha mmonaki. Ndiyo asili ya majina mengi yaanzayo na Kil: Kilbride ni kanisa la Mtakatifu Brigida, Kilpatrick ni kanisa la Mtakatifu Patrisi. Katika kisiwa cha Mull kuna mji uitwao Tobermory, na maana yake ni Kisima cha Maria. Hapo Kigaeli kina jambo la kupendeza: mwanamke wa kawaida mwenye jina la Maria huitwa Màiri, lakini Mama wa Mungu huitwa Moire, na jina hilo limetengwa kwa ajili yake. Hata Waviking, waliofika kama wanyang'anyi, waliacha majina ya ibada: Kirkwall ni Ghuba ya Kanisa, na visiwa vyenye jina la Papa, kama Papa Westray, ni visiwa vya mapadre, kwa maana Waviking waliwakuta wamonaki huko.

Mwaka 1560 Bunge la Uskoti liliyakataa mamlaka ya Baba Mtakatifu na kupiga marufuku Misa Takatifu. Miaka mingi ilipita, hata mwaka 1878, ndipo Papa Leo XIII alipoirudisha safu ya maaskofu nchini humo. Katika sehemu chache, kama kisiwa cha Barra, imani ya kale ilidumu na inadumu hadi leo. Kwingineko altare zilivunjwa na sherehe za watakatifu zikakoma. Lakini hakuna aliyeweza kuyafuta majina ya maziwa na vijiji. Mvuvi aliyekuwa hajapata kusikia Misa hata mara moja aliendelea kuitia nanga mashua yake Tobermory, Kisima cha Maria.

Ndugu wapendwa, laiti tungeweza kuishia hapo na kufurahi. Lakini liko ziwa moja linalotuonya. Kaskazini-magharibi mwa Uskoti kuna Loch Maree, ziwa lenye urefu wa karibu kilomita 20. Mgeni akilisikia jina hilo hudhani ni ziwa la Bikira Maria. Sivyo. Ni ziwa la Mtakatifu Maelrubha, mmonaki wa Ireland aliyeanzisha monasteri ya Applecross mwaka 673 na kufariki mwaka 722. Kijiji kilichopo kwenye ncha ya ziwa hilo huitwa Kinlochewe, maana yake Kichwa cha Loch Ewe. Basi ziwa lenyewe liliwahi kuwa na jina hilo, kisha upendo wa watu kwa mtakatifu wao ukalibadilisha. Hata jina la Applecross limepotoshwa. Masikioni mwa Waingereza ni tufaa na msalaba. Asili yake ni Apor Crosan, yaani mdomo wa mto Crosan.

Katika Loch Maree mna kisiwa kidogo chenye makaburi ya kale na kisima cha Maelrubha. Mwaka 1656, karibu miaka 100 baada ya Misa kupigwa marufuku, wazee wa Kanisa la Kipresbiteri wa Dingwall waliandika kwa masikitiko kwamba watu wa eneo lile walikuwa wakichinja mafahali tarehe 25 Agosti kwa heshima ya mtakatifu huyo. Tulipime jambo hili vizuri. Maelrubha alivuka bahari ili awafundishe watu sadaka moja ya Kristo. Walipokosa padre na katekista, wajukuu wa wale aliowabatiza walibaki na jina lake, wakalichinjia mafahali. Jina lilidumu, mafundisho yakaondoka. Kisima kilikuwepo, lakini kilikuwa kimefukiwa.

Leo lugha yenyewe iko hatarini. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba watu wenye ujuzi wowote wa Kigaeli nchini Uskoti, hata wa kuelewa tu, ni takriban 130,000, yaani asilimia 2.5 hivi ya wakazi wenye umri wa miaka 3 na zaidi. Maelfu ya watu hutaja kila siku majina ambayo hawajui yanasema nini.

Tusidhani kwamba haya ni ya Waskoti peke yao. Mskoti David Livingstone alipofika mwaka 1859 kwenye ziwa tunaloliita Nyasa, alilipokea jina hilo kutoka kwa wenyeji, na nyasa kwa Kiyao ni ziwa tu. Basi tunaposema Ziwa Nyasa tunasema ziwa ziwa, sawa na Waskoti wenye mto Avon, jina litokalo katika neno la kale lenye maana ya mto. Jina likisafiri bila maana yake, hatuoni hata kwamba tunajirudia.

Na ndani ya Kanisa letu je? Jumuiya zetu Ndogo Ndogo zina majina mazuri: Mtakatifu Monika, Mtakatifu Kizito, Mtakatifu Yuda Thadei. Tunayaandika kwenye vitambaa, tunayataja tunapotoa michango, tunayaimba siku ya somo. Lakini mtoto akiuliza, "Bibi, Kizito alikuwa nani?", ni wangapi kati yetu wataweza kumjibu kwamba alikuwa kijana mdogo, aliyebatizwa na Karoli Lwanga siku chache kabla ya kuchomwa moto Namugongo mwaka 1886? Kama hatuwezi kujibu, tumekwisha kuanza safari ya Loch Maree. Mtakatifu asiyejulikana hawezi kutufundisha kitu. Baada ya muda atageuzwa hirizi.

Kwa hiyo tunawaomba mambo mawili juma hili. Kwanza, kila jumuiya itenge dakika 10 za mkutano wake kusimulia maisha ya msimamizi wake, na msimulizi awe kijana, mzee akimsahihisha. Pili, kila mzazi amweleze mwanawe sababu ya jina lake la ubatizo, na pia sababu ya jina lake la ukoo, la mto au la kilima cha kwao, maadamu bado wapo wanaozijua sababu hizo. Babu akizikwa na maana za majina, hakuna sensa itakayozirudisha.

Isaka hakuchimba visima vipya pale ambapo baba yake alikwisha kuchimba. Alitoa udongo, akakuta maji, akalitaja jina. Nasi tujaliwe kufanya vivyo hivyo, ili watoto wetu wayanywe maji na kumjua aliyewachimbia.

Mtakatifu Maelrubha, utuombee.