Mashine ya michezo na jiwe la kwetu

Sisi wa mwaka wa sita tungali tunakumbuka ile PlayStation 2 ya karibu na soko, hapa Itebero. Jenereta ilikuwaka inanguruma, televisheni ndogo, maneti mbili, na sisi watoto tumepanga mustari mpaka inje. Tulicheza mpira tu. Michezo ya magari hatukuipenda. Mwenye kufungwa anatoka! Mafuta yakiisha katikati ya mechi, falanga hazirudi, na fujo inaanza.

Mashine ile ilitoka Japani mwezi wa tatu 2000. Mwaka uleule bei ya koltani ilipanda sana, kwa sababu viwanda vya telefone, kompyuta na mashine za namna hiyo viliitafuta: ndani yake mna tantali, ya kutengeneza vidude vidogo vya kutunza umeme. Huku Walikale na Masisi watu wengi waliacha mashamba, wakaingia mashimoni. Mwaka 2001 bei ikaanguka.

Baba zetu walikuwa vijana wakati ule. Pengine jiwe walilochimba lilirudi kwetu ndani ya sanduku lile jeusi, nasi tukalilipia falanga kila mechi. Wao hawakutuambia kitu. Walitufuata tu pale mulangoni: ndoo iko wapi, maji yatachotwa na nani?